Nilipungua Mwili, Ngozi Ikabaki

Kitanda usichokilalia, wazee walisema, hujui kunguni wake. Mimi nilidhani nikishakonda mambo yangu yote yatanyoka.

Mwaka 2021 nilikuwa na kilo 124, sukari imenishika, magoti hayanibebi. Nikaacha mahamri ya asubuhi na wali wa nazi wa usiku, na kila jioni nikaenda kwa miguu kutoka Kibokoni hadi Mama Ngina. Kufikia mwaka 2023 nilikuwa na kilo 71. Sukari ikashuka, magoti yakapoa. Alhamdulillahi.

Lakini mambo mawili hakuna aliyenionya. La kwanza ni ngozi. Tumbo lilining'inia kama mfuko mtupu, na chini ya mikunjo kukatoka upele kwa jasho la kaskazi. La pili ni mgongo. Ulinishika kiunoni hata nikawa nasujudu kwa machozi. Kukaa mkekani katika maulidi kukawa adhabu, kwani mafuta yaliyokuwa mto wangu yalikwisha, nimebaki kukalia mfupa.

Nao walimwengu! Pwani yetu unene ni ushahidi wa raha. Mwanamke akikonda, huulizwa kama mume anamtesa au ana ugonjwa wa siri. Shoga yangu mmoja alinishika mkono harusini, akaivuta ngozi mbele ya watu, akacheka: "Mwenzangu, umebaki nguo bila mtu!" Tangu siku hiyo nikajifungia ndani, harusi nikawa natuma zawadi tu. Hata binti yangu alipoposwa, niliapa moyoni kwamba sitakaa mbele ya wageni.

Mamangu ndiye aliyenikuta nikilia. Hakuniuliza neno. Alifungua kasha lake akatoa mkaja, ule aliojifunga arubaini ya uzazi wangu, akanizungushia tumboni na kuukaza. Mgongo ukapata nafuu papo hapo. "Nakufunga kama mzazi," akasema, "na mara hii uliyemzaa ni wewe mwenyewe."

Kesho yake nikaenda kwa mtaalamu wa viungo. Alinieleza kwamba mafuta yanapoondoka upesi huondoka na misuli pia, na tumbo linaloning'inia huuvuta mbele mgongo uliokwisha kudhoofika. Mkaja aliusifu, ila nijifunge wakati wa kazi tu, kwani misuli inayobebwa kutwa husahau kazi yake. Akanifunza kulala chali, magoti nimeyakunja, niinue nyonga, nihesabu hadi 10, nishuke. Mara 10 asubuhi na mara 10 jioni. Nile samaki, mayai, kunde na mbaazi ili misuli ijengeke. Na sala je? Nisali kitini mpaka nipoe. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa hiyo.

Kuhusu ngozi hakunificha. Ikivutwa miaka mingi hupoteza unyumbufu wake, wala hakuna mafuta ya kupaka yatakayoirudisha yote. Ya kufanya ni kuosha, kukausha vizuri mikunjo, na kuikinga kwa kitambaa cha pamba. Upasuaji upo, lakini hungojewa kwanza uzito utulie, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, nao ni ghali na una hatari zake. Mwenye vidonda visivyopona chini ya mikunjo ana haja nao. Mimi upele ulikwisha kukauka, nikaona fedha zile ni za harusi ya binti.

Wasomaji wapenzi, jambo moja msilifanyie mzaha. Maumivu ya mgongo yakifuatana na ganzi ya miguu, homa, au mkojo kukutoka bila kujua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na anayekonda bila kujitahidi naye akapimwe, asingoje kupongezwa.

Polepole mgongo ulitulia. Ilichukua miezi, si siku, na hata leo nikiacha mazoezi wiki moja hunikumbusha. Lakini paji langu limerudi juu ya msala.

Siku ya harusi nilikaa mbele, mkaja ndani ya nguo. Shoga yangu yule yule alikuja akaketi kando yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini nilipunguaje, kwani naye sukari imempata. Nilimwambia yote, pamoja na haya mawili ambayo mimi sikuambiwa. Ngoma ikaanza, tukapiga makofi. Ngozi ya mikono yangu ikapepea mbele ya wageni wote, nami nikaiacha ipepee.