Mpenzi, Simu Yako Inadaiwa Shilingi Ngapi?

Nyumba ndogo tumejifunza kuinusa tangu zamani. Lakini deni lililojificha kwenye simu janja halina harufu ya manukato, na linaweza kuvunja uchumba mchana kweupe.

Wapenzi wengi ninaowafahamu wakigombana kuhusu simu, wanagombania mambo yale yale. Kwa nini umeilaza skrini chini? Huyu "Fundi Bomba" anayepiga saa tano usiku ni nani? Mbona ulikuwa hewani WhatsApp saa saba wakati mimi ulishaniaga kwamba unalala? Tumegeuka wapelelezi wa kujitolea. Tiki za bluu tunazisoma kama mganga anavyosoma ramli.

Wakati macho yote yako kwenye meseji, kuna kitu kingine kinaingia na kutoka kwenye simu hiyo hiyo, na hakuna anayekiuliza. Mikopo. Mwenzako anaweza kuwa amelala pembeni yako, kashika simu, unadhani anachati na mtu, kumbe anaomba laki mbili kwenye programu aliyoiona kwenye tangazo jioni ile. Dakika chache tu, hela hiyo. Hakuna mdhamini, hakuna fomu, hakuna kupanga foleni benki na shati la mikono mirefu. Na hakuna kukuambia wewe.

Nimeandika kuhusu mahusiano kwa miaka kadhaa sasa, na naomba niseme wazi: katika malalamiko ninayoletewa na vijana wenye kazi zao, deni la siri linazidi kuisogelea nyumba ndogo. Tena linauma kwa namna yake, maana mwenye deni mara nyingi alikopa kwa ajili yako.

Tumefikaje hapa?

Tusijifanye hatujui raha ya kitu hiki. Safaricom walipoanzisha M-Pesa Kenya mwaka 2007, na Vodacom kuileta kwetu Tanzania mwaka 2008, simu iligeuka pochi. Mama kijijini akapata ya kwenda kliniki bila kumsubiri kondakta wa basi. Halafu pochi ikajifunza kukopesha. Kenya walipata M-Shwari mwaka 2012, sisi tukapata M-Pawa mwaka 2014. Mikopo ile ilikuwa midogo, na nyuma yake ilikuwepo benki inayojulikana.

Simu janja ziliposhuka bei, likaja wimbi la pili: programu za mikopo unazopakua mwenyewe. Zipo zenye leseni na zinazofuata utaratibu. Zipo pia zile ambazo mtaani hatukuzikosea jina, tuliziita "kausha damu" kama wale wakopeshaji wa mtaani wanaochukua mpaka friji.

Hizi za pili zina akili moja mbaya. Ukizipakua, zinakuomba ruhusa: kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, kusoma SMS zako, kuona picha, kujua ulipo. Wengi wetu tunabonyeza "kubali, kubali, kubali" kama tunafukuza mbu. Kwenye SMS wanaona mshahara unaingia lini na unaisha lini. Kwenye majina wanapata kitu cha thamani zaidi kuliko hati ya nyumba: watu unaowaheshimu. Aibu yako ndiyo dhamana yao.

SMS iliyomfikia shangazi

Mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya kaka mmoja niliyefanya naye kazi hapa Dar es Salaam. Kijana mstaarabu, mwenye ajira, asiyekunywa. Ilikuwa imebaki kama wiki tatu. Jumatatu mchana niko ofisini, ikaingia SMS kutoka namba nisiyoijua. Ilimtaja kwa majina yake yote matatu, ikamwita tapeli aliyetoroka na fedha za watu, ikasema mimi ni mdhamini wake na nimwambie alipe kabla ya saa kumi, la sivyo picha yake itasambazwa.

Nikadhani ni matapeli wa kawaida, wale wa "tuma kwenye namba hii". Nikampigia mwenyekiti wa kamati. Naye alikuwa ameipata. Mshenga ameipata. Bosi wake ameipata. Na kwa kuwa kaka huyu alihifadhi kwenye simu namba ya shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa msemaji mkuu siku ya mahari, shangazi naye aliipata.

Bibi harusi mtarajiwa alikuwa wa mwisho kujua. Shangazi alimpigia simu kazini akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyo mwanaume yupo au ameshakimbia?"

Jioni hiyo tulikutana nyumbani kwa mwenyekiti. Sitasahau jinsi kaka wa watu alivyokaa, simu ameiweka mezani kama mtu anayesalimisha silaha, na yenyewe inaita bila kupumzika. Yalikuwa madeni manne kwenye programu nne tofauti. La kwanza alilichukua kuongezea malipo ya awali ya ukumbi, kwa sababu michango ilikuwa inasuasua. La pili kulipa la kwanza. La tatu na la nne, unajua mwenyewe. Tulipopiga hesabu kwenye karatasi, fedha iliyoingia mkononi mwake ilikuwa Sh. 640,000. Alichokuwa anadaiwa siku ile ni Sh. 1,150,000.

Akamgeukia mchumba wake akasema, "Niliona aibu kukwambia ukumbi umenishinda."

Binti akamjibu taratibu, "Ukumbi nilikuomba lini?"

Pale sebuleni hakuna aliyekohoa. Mimi nikajua hapo ndipo penye ugonjwa, programu zilikuja kupanda juu yake tu. Miezi minane watu wawili wamepanga rangi za vitambaa, keki na gari la maharusi, na hawajawahi hata siku moja kuambiana nani ana kiasi gani.

Hesabu wasiyokuonyesha

Tuchukue mfano mdogo. Programu inasema inakukopesha Sh. 100,000 kwa siku saba. Inakata "gharama za huduma" juu kwa juu, mkononi unapata Sh. 75,000. Baada ya wiki unatakiwa kurudisha laki nzima. Maana yake umelipa Sh. 25,000 kwa kutumia Sh. 75,000 siku saba, yaani theluthi moja ya fedha uliyopata.

Sasa tuseme huna ya kulipa, na wanakuruhusu usogeze mbele kila wiki kwa kulipa Sh. 25,000. Ukifanya hivyo mara nne, mwezi umeisha, umetoa Sh. 100,000 mfukoni, na bado unadaiwa laki ile ile. Mtu mwenye mshahara wa kawaida akiwa na mikopo mitatu ya namna hii, mshahara ukiingia unapita tu kama daladala iliyojaa.

Ndiyo maana ukiona mwenzako anakuwa mkali tarehe 25, anazima simu Jumamosi, anaruka kila ukitaja safari ya Bagamoyo, usikimbilie kudhani kapata mwingine. Inawezekana kabisa. Lakini inawezekana pia anakimbizwa.

Serikali zimeamka

Habari njema ni kwamba hali si ya kukata tamaa. Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na zikakataza vitisho, matusi na tabia ya kuwatumia meseji watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo aliitoza kampuni moja yenye programu za mikopo faini ya Sh. 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kuwasumbua.

Google nao walibadili masharti: kuanzia mwisho wa Mei 2023, programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store zikakatazwa kufungua majina na picha za mteja. Lakini programu ikikujia kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp, bila kupitia Play Store, mlango huo haulindwi na Google.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tunayo Tume ya kuisimamia. Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Katika mikopo minne ya kaka yetu, nina uhakika wa leseni ya mmoja tu.

Ila sheria haitakaa sebuleni kwenu na kuwafundisha kuzungumza. Hiyo ni kazi yenu wawili.

Namba ya siri siyo dawa

Wapo watakaosema: basi kila mtu ampe mwenzake namba ya siri, mambo yaishe. Mi sikubaliani. Nawafahamu wanandoa wanaofungua simu za wenzao kila siku na bado wanadanganyana vizuri tu, maana mwenye siri hununua laini nyingine. Isitoshe kwenye simu yako kuna siri za watu wengine: rafiki aliyekulilia, mdogo wako mwenye matatizo, mteja wa ofisini. Hao hawakuolewa na mume wako.

Mnachodaiana ninyi ni hesabu. Jumla ya madeni, jumla ya mapato, na nani nje ya nyumba anategemea fedha hiyo. Mke anayejua kwamba mume wake anawatumia wazazi Sh. 80,000 kila mwezi na ana mkopo wa laki tatu, ana habari muhimu kuliko yule aliyesoma meseji zote na hajui mshahara wa mumewe.

Kama unataka kuanza, anza hivi:

1. Chagua siku ya kawaida. Usianze siku mshahara umeingia, wala siku mmegombana. Zimeni televisheni, kila mmoja achukue karatasi.

2. Anza na lako. Ukimwita mwenzako kikaoni kwa sauti ya hakimu, atajitetea. Ukisema, "Mwenzangu, mimi nadaiwa kikoba Sh. 150,000 na kwenye simu Sh. 60,000," unampa njia ya kupita.

3. Andikeni mikopo yote, na mbele yake andikeni mambo matatu: ulipata shilingi ngapi mkononi, unatakiwa kurudisha ngapi, na lini. Safu hizo tatu zinaongea zenyewe.

4. Kagueni ruhusa. Kwenye simu ya Android ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa. Ondoeni ruhusa ya majina, SMS na picha kwa programu yoyote ya mkopo. Jua lakini kwamba majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi hata ukiifuta programu.

5. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ikafungwe kabla haijakopewa.

6. Ukipokea SMS ya kumchafua mtu, usiisambaze. Kuwemo kwenye simu ya mtu hakukufanyi uwe mdhamini wake. Mdhamini ni yule aliyekubali. Itunze kama ushahidi, umjulishe mhusika kwa faragha.

7. Wekeni kiwango. Kwa mfano, mkopo wowote unaozidi Sh. 50,000 lazima mwingine ajue kabla. Kiwango mtapanga wenyewe, mradi kiwepo.

Waliishia wapi?

Najua unataka kujua. Ukumbi ulifutwa, na sehemu ya malipo ya awali ikapotea. Wageni 250 wakawa 80, sherehe ikafanyika uani kwa wazazi wa binti, pilau likapikwa na majirani. Madeni yote manne yalilipwa kwa miezi miwili, makubwa kwanza, na binti alichangia kutoka kwenye akiba yake baada ya kuonyeshwa kila karatasi. Hakusamehe siku ile ile, nisikudanganye. Alichukua wiki nzima bila kumpigia, na alipompigia alikuwa na masharti. Moja lilikuwa kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wanakaa na daftari. Nasikia daftari hilo sasa limejaa, wamenunua la pili. Shangazi bado anamwita mkwe wake "Mdaiwa", na mkwe ameshajifunza kuitikia.

Si kila uchumba utapona namna hiyo, na si lazima. Kuna mtu atafungua mdomo, utagundua kwamba deni ni tabia na ahadi ya kuacha umeshaisikia mara tano. Hiyo nayo ni habari njema ukiipata kabla ya kuvaa pete.

Leo usiku, badala ya kumuuliza alikuwa anachati na nani, jaribu kumuuliza swali lililo kwenye kichwa cha makala hii. Muulize kwa upole. Na kabla hujamuuliza, hakikisha lako unalo jibu.