Sindano na Degedege

Mtoto akikakamaa usiku Mchinga, macho yamegeuka juu na mikono inatetemeka, neno la kwanza nyumbani ni degedege, si malaria. Pwani hiyo ya Tanzania watafiti wameyasikia yaleyale: ni pepo mwenye umbo la ndege, mtoto afukizwe, aogeshwe maji ya majani, na asichomwe sindano, itammaliza.

Binti wa nyumba hiyo akienda kusomea uuguzi, onyo hilo huenda nalo darasani. Huko anaambiwa kwamba degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali: chembe nyekundu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu ikakwama. Hata hofu ya sindano inaeleweka. Mtoto hufikishwa hospitali amechelewa, akachomwa, akafa. Aliyeonekana naye mwisho ni muuguzi.

Ila sindano yenyewe imetoka wapi? Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake, China, walipata dawa ya malaria kwenye mmea wa kienyeji, qinghao. Kitabu cha tiba cha karne ya 4 kiliagiza mmea huo ulowekwe na kukamuliwa, hakikutaja kuchemsha. Tu akaacha moto mkali, akatumia etha. Hapo ikapatikana artemisinini, mama wa artesuneti, dawa ya sindano hiyo, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Utafiti uliochapishwa 2010, wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, ulikuta vifo karibu 11 katika kila 100 kwa kwinini, na chini ya 9 kwa artesuneti. Kwinini nayo asili yake ni gome la mti.

Kwa hiyo sioni maana ya mwanafunzi kuchagua kati ya bibi yake na mwalimu wake. Kilicholipandisha jani cheo ni kipimo na majaribio, na mwarobaini wa uani haujapitia njia hiyo kwa malaria kali. Hata hivyo, tafiti za nchi mbalimbali, Uturuki mojawapo, zimewakuta wanafunzi wa uuguzi wakiipenda tiba mbadala kuliko wanavyoijua.

Kutojua huko kuna hatari. Malaria kali hushusha sukari ya damu ya mtoto, na baadhi ya mitishamba nayo huishusha. “Mama, nyumbani mmeshampa dawa gani?” ni swali la kufundishwa kwa uzito wa kupima joto, pamoja na sauti ya kuliulizia. Akiulizwa kwa ukali, mama atajibu, “Hatujampa kitu,” huku harufu ya mafusho ingali kwenye kanga aliyomfunikia mwanawe.