Sentimita Moja ya Udongo kwa Miaka 20,000

Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, Ziwa Tanganyika lilikuwa jirani zaidi na mji kuliko leo. Kama mwaka 1878 hivi, ziwa hilo lilizibua mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, na kabla karne haijaisha maji yalikuwa yameshuka takribani mita 10. Tangu hapo, mwamba wa chokaa ulioachwa juani ungekuwa umezaa udongo kiasi gani?

Tanganyika haina matumbawe, lakini ina miamba yake ya chokaa: stromatolaiti, mawe yanayojengwa tabaka kwa tabaka na vijimea vya majini, na marundo ya makombe ya konokono Neothauma yaliyogandamana. Maji yenye pH inayokaribia 9 huwezesha chokaa kuganda.

Udongo huanza maji yakiondoka. Mvua ikichanganyika na kaboni dayoksaidi ya hewani na ya mizizini, huwa asidi hafifu inayoyeyusha chokaa. Kinachobaki ni mfinyanzi, chembe za mchanga na chuma, na chuma ndicho kinachotia wekundu. Tuchukue jiwe lenye asilimia 1 ya vitu visivyoyeyuka, na mvua inayokula sentimita 5 za jiwe kila miaka 1,000. Hapo sentimita 1 ya udongo inagharimu mita nzima ya jiwe na miaka 20,000.

Kwa kipimo hicho, miaka 150 hivi tangu Lukuga izibuke inatoa udongo wa milimita 0.075, unene wa unywele. Watafiti wanakadiria kwamba katika ukame wa enzi ya barafu, kati ya miaka 32,000 na 14,000 iliyopita, ziwa lilikuwa chini kwa mita 260 hivi. Hata muda wote huo haufikishi sentimita 1.

Pwani ya bahari inasema hivyohivyo. Matumbawe mengi ya kale ya Mombasa na Unguja ni ya miaka kama 125,000. Hesabu yetu inayapa sentimita 6 tu. Lakini kwenye maweni ya Unguja mkulima hupanda katika mashimo ya jiwe ambamo jembe linazama kabisa. Sehemu ya udongo huo ilikokotwa na mvua kutoka juu ya mwamba ikajaa mashimoni. Sehemu nyingine, naamini, ni vumbi la upepo. Jiwe peke yake halilipi deni hilo.

Kigoma udongo wa kuja una njia fupi zaidi, kwa sababu vilima vyenye mawe ya mchanga vimesimama juu ya ufuko. Punje za kwatzi zikijaa ndani ya ufa wa chokaa, zimeshuka mlimani. Kilima kilichokatwa miti kikipoteza milimita 1 tu, kimeshusha kiasi ambacho chokaa ingehitaji miaka 2,000 kukizalisha, na kinatua juu ya mawe ambako samaki hulisha na kuzalia.

Kuhifadhiwa kwa udongo huo ni bahati nyingine. Ziwa likirudi, mawimbi hukwangua tabaka laini. Kinachosalia ni kile kilichojificha mashimoni, au kilichofunikwa na ganda gumu la chokaa iliyoganda upya kabla maji hayajafika. Kisha stromatolaiti au makombe mapya hujenga juu yake. Jiwe likipasuliwa, mtafiti hutafuta mstari mwekundu, ganda hilo, na vijitundu vyembamba vilivyoachwa na mizizi.