Gofu katika safari ya kikazi ya siku mbili: Hesabu ya muda, gharama na heshima

Na Mwandishi Wetu

KWA mtu anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi kwa shughuli ya siku mbili, ratiba huwa imejaa hata kabla hajapanda ndege. Kuna mkutano wa asubuhi, chakula cha mchana na wenyeji, nyaraka za kutiwa saini, kisha safari ya kurudi nyumbani.

Hata hivyo, kwa wapenzi wa mchezo wa gofu, Nairobi ni kishawishi kikubwa. Ni miji michache barani Afrika yenye viwanja vingi vya mchezo huo ndani na pembezoni mwake. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, ile ya Reli mwaka 1922 na ile ya Karen mwaka 1937. Mashindano ya Kenya Open, ambayo yalianza mwaka 1967 na kuingizwa katika ratiba kuu ya michuano ya Ulaya mwaka 2019, yamefanyika mara kadhaa katika viwanja vya Muthaiga na Karen.

Swali ambalo wasafiri wengi hujiuliza ni kama inawezekana kucheza bila kuiba muda wa mwajiri, bila kuchelewa mkutano na bila kuikosa ndege. Jibu ni kwamba inawezekana, lakini kwa yule anayefanya hesabu mapema. Asiyefanya hesabu hujikuta amekosa vyote viwili: mchezo haukuisha, na kazi imeharibika.

Kwa nini gofu inakula muda

Mchezo kamili wa gofu ni wa mashimo 18. Kundi la watu wanne kwa kawaida hutumia saa nne au zaidi kidogo kuumaliza. Wengi hudhani muda huo unaliwa na kutembea, kwa kuwa mchezaji huweza kutembea kilometa nane hadi kumi kabla ya kumaliza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiriana.

Chukua mfano wa wachezaji wanne wa kiwango cha kawaida, kila mmoja akipiga mikwaju 90. Kanuni za gofu zinapendekeza mchezaji asitumie zaidi ya sekunde 40 kwa mkwaju mmoja. Ikiwa kila mmoja atazitumia zote, na wengine wakamsubiri bila kufanya lolote, hesabu inatoa saa nne kamili, hata kabla ya kuhesabu hatua za miguu.

Ndiyo maana watu wawili wanaocheza haraka, bila kundi mbele yao, wanaweza kumaliza mashimo hayo 18 kwa saa tatu hivi. Lakini wakikuta makundi ya watu wanne mbele yao, wepesi wao hautawasaidia. Watasubiri kama wengine.

Kwa msafiri, funzo la kwanza linatokana na hesabu hiyo: aache ndoto ya mashimo 18 siku ya kazi, na acheze tisa. Mashimo tisa huchukua saa mbili na dakika chache. Wala si nusu mchezo usio na thamani, kwa sababu mfumo wa dunia wa kukadiria kiwango cha mchezaji, yaani hendikapu, ambao ulianza kutumika mwaka 2020, unapokea pia matokeo ya mashimo tisa.

Jua halimsubiri mtu

Wasafiri wanaotoka Ulaya hukosea sana katika jambo hili. Kwao, wakati wa kiangazi, mtu anaweza kutoka ofisini jioni na bado akacheza kwa saa kadhaa. Katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa Ikweta mambo si hivyo. Jijini Nairobi jua huzama takriban kati ya saa 12:20 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na baada ya hapo giza huingia kwa haraka.

Kwa hiyo, anayetaka kucheza mashimo tisa jioni anapaswa kupiga mpira wa kwanza kabla ya saa 9:45 alasiri. Ukiongeza muda wa foleni za magari, kubadili nguo na kujiandikisha, ni lazima awe ametoka mkutanoni saa 8:00 mchana. Mkutano unaotarajiwa kwisha saa 10:00 hauachi nafasi ya gofu, na ni heri kulikubali hilo mapema kuliko kukaa mkutanoni huku macho yakiwa kwenye saa.

Asubuhi nayo ina hesabu yake. Anayeanza saa 12:30 asubuhi humaliza mashimo tisa karibu saa 2:45. Nusu saa ya kuoga na kuvaa, na saa nzima ya kuwa barabarani, humfikisha mjini saa 4:15. Huyo yuko salama ikiwa mkutano wake ni wa saa 5:00, lakini kama ni wa saa 3:00, asithubutu.

Nafasi iliyo bora kuliko zote, na ambayo wengi hawaifikirii, ni siku ya kuondoka. Mwenye ndege ya usiku ambaye kazi yake imekwisha asubuhi ana mchana mzima ambao vinginevyo angeumaliza akiwa amekaa katika ukumbi wa hoteli.

Chagua uwanja kwa ramani, si kwa sifa

Kosa jingine ni kuchagua uwanja kwa jina lake kubwa. Kwa mwenye siku mbili, uwanja bora ni ule ulio karibu na mahali pa mkutano, au ulio njiani kuelekea uwanja wa ndege.

Anayefanya kazi katika ofisi za Upper Hill au katikati ya jiji la Nairobi yuko karibu na klabu ya Reli na Royal. Anayehudhuria vikao Gigiri, ziliko ofisi za Umoja wa Mataifa, afikirie Muthaiga au Windsor. Karen ni uwanja wenye sifa kubwa, lakini uko mbali na ofisi nyingi, na saa moja ya foleni kwenda na nyingine kurudi ni sawa na kuyapoteza mashimo tisa.

Kanuni hiyo inafaa pia katika miji mingine ya kanda hii. Jijini Kampala, klabu ya gofu ya Uganda iko Kitante, karibu kabisa na katikati ya jiji. Kwa anayeondoka jioni kuna njia nyingine: uwanja wa ndege uko Entebbe, kilometa 40 hivi kutoka Kampala, na Entebbe kwenyewe kuna uwanja wa gofu kandokando ya Ziwa Victoria. Msafiri anaweza kuikwepa foleni mapema, akacheza huko, kisha akaenda kupanda ndege.

Jijini Kigali, uwanja wa mashimo 18 uliosanifiwa upya na kampuni ya Gary Player, bingwa wa zamani kutoka Afrika Kusini, ulifunguliwa mwaka 2021 katika eneo la Nyarutarama, ndani ya jiji. Wageni wanaokuja Dar es Salaam nao wana klabu ya Gymkhana iliyo katikati ya jiji, na klabu ya Lugalo iliyo chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Barua na simu kabla ya safari

Viwanja vingi vya kanda hii ni mali ya klabu zenye wanachama. Mgeni hapaswi kufika mlangoni na kudai kucheza. Jambo la busara ni kupiga simu au kuandika barua pepe wiki moja kabla, na kuuliza mambo manne: siku na saa ambazo wageni wanaruhusiwa, ada ya uwanja, kama kuna fimbo za kukodi, na kama kuna mashindano siku hiyo. Mwisho wa wiki mara nyingi hutawaliwa na mashindano ya wanachama.

Aliye mwanachama wa klabu nyumbani aulize kama klabu yake ina makubaliano na klabu anayokwenda. Makubaliano hayo huwapunguzia wanachama ada, na barua ya utambulisho kutoka kwa katibu wa klabu hufungua milango mingi. Mavazi nayo ni muhimu. Kwa kawaida hutakiwa shati lenye ukosi na suruali ya kitambaa au kaptura nadhifu. Jinzi na fulana zisizo na ukosi humrudisha mtu getini.

Kuhusu mizigo, ni vyema kuacha mfuko mkubwa nyumbani. Mfuko kamili huweza kufikia kilo 12 hadi 15, na fimbo za gofu haziruhusiwi kuingia nazo ndani ya ndege pamoja na abiria, hivyo ni lazima zipitie kwenye mizigo na kusubiriwa mkandani. Kanuni zinaweka kikomo cha juu cha fimbo 14, lakini hazina kikomo cha chini. Fimbo saba za kukodi zinatosha kabisa kwa mashimo tisa. Abebe viatu vyake, glavu na mipira sita. Anayetumia mkono wa kushoto na mwanamke wataje mahitaji yao mapema, kwa kuwa fimbo nyingi za kukodi ni za wanaume wanaotumia mkono wa kulia.

Hewa ya milimani

Mchezaji aliyezoea pwani atashangaa Nairobi. Jiji hilo liko takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo haiuzuii mpira kama hewa nzito ya Dar es Salaam au Mombasa. Mpira husafiri mbali zaidi kwa takriban asilimia sita. Mkwaju unaofika meta 150 ukiwa pwani unaweza kufika karibu meta 159. Dawa yake ni kushika fimbo ya masafa mafupi kwa hatua moja.

Hewa hiyohiyo humchosha mgeni haraka, na jua la milimani huchoma ngozi hata wakati kuna ubaridi. Maji ya kunywa na kofia si anasa. Aidha, msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, unaweza kuvuruga kila mpango. Radi ikisikika, mchezo usimamishwe na watu waondoke uwanjani. Kujikinga chini ya mti ni kujitafutia kifo.

Ili mchezo uende haraka, hesabu ya Stableford, iliyobuniwa na daktari Mwingereza Frank Stableford na kutumika katika mashindano kwa mara ya kwanza mwaka 1932, inafaa sana. Mchezaji hupata pointi kwa kila shimo, na akiona hawezi tena kupata pointi huokota mpira na kusonga mbele. Tangu mwaka 2019, muda wa kutafuta mpira uliopotea umepunguzwa kutoka dakika tano hadi tatu, na aliye tayari anahimizwa kupiga bila kusubiri zamu.

Nani analipa?

Hadi hapa tumezungumzia muda. Lakini kuna suala zito zaidi, nalo ni uadilifu. Gofu ina sifa ya kuwa mchezo wa kukamilisha mikataba, na si uongo kwamba saa mbili za kutembea pamoja huwafanya watu wafahamiane kuliko mikutano kumi. Hapo hapo ndipo ilipo hatari.

Mtumishi wa umma aliyesafiri kusimamia zabuni, kisha akalipiwa ada ya uwanja, fimbo na chakula cha jioni na mmoja wa waombaji, amepokea zawadi kutoka kwa mtu mwenye maslahi katika uamuzi wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haibagui kati ya fedha taslimu na manufaa mengine. Hata katika kampuni binafsi, mshindani aliyekosa zabuni hatakosa kuuliza ulikuwa wapi jioni ile, na na nani.

Kinga yake ni nyepesi: mtu ajilipie mwenyewe, atunze risiti, amweleze mwajiri wake mapema, na asicheze na muombaji yeyote kabla uamuzi haujatolewa. Muda wa kucheza nao uwe wake, si ule ambao mwajiri ameulipia posho.

Wapo pia wanaosahaulika katika hesabu hizi, yaani wabeba mikoba ya wachezaji, maarufu kama makedi. Wengi hufika klabuni alfajiri kusubiri mteja, na siku ambayo hakuna mteja hakuna kipato. Kedi anaujua uwanja kuliko mgeni yeyote: anajua upepo unavuma wapi, mteremko unaelekea wapi, na mpira uliopotelea vichakani umelala wapi. Kwa mgeni mwenye haraka, yeye ndiye anayeokoa muda.

Ni vyema kuuliza malipo yake ofisini kabla ya kuanza, kumlipa yote bila kumzungusha, na kukumbuka kwamba aliyekubali kubeba kwa mashimo tisa ya alasiri hatapata tena mteja mwingine siku hiyo. Mchezaji aliyepunguza mchezo wake kwa sababu ya ndege asiupunguze ujira wa mwenzake kwa sababu hiyohiyo.

Mwisho, msafiri ajiwekee saa ya kuondoka uwanjani, na aitii hata kama amebakiza shimo moja. Uwanja wa Royal Nairobi umekuwepo tangu mwaka 1906, na utakuwepo safari ijayo. Mteja aliyeachwa akisubiri ofisini huenda asiwepo.