Sura ya Nne: Anayepaza na Wanaoitikia

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini ukubwa wa jambo lenyewe huamuliwa na walioisikia. Wako wengi waliopaza sauti wasipate hata mmoja wa kuwaitikia, na majina yao yamepotea. Tunaowakumbuka ni wale walioitikiwa. Kwa hiyo sura hii, inayohusu kaulimbiu za ukaidi na vilio vya vita, haitashughulika sana na nani alitunga maneno gani. Itatazama nani aliyaitikia, kwa gharama gani, na hatimaye maneno hayo yaliangukia mikononi mwa nani. Tutaanzia kusini mwa Tanzania, tupitie mpakani Taveta, kisha tufike Mraru, nje ya mji wa Voi nchini Kenya, ambako wanawake waliuitikia mwito wa taifa kwa kununua basi.

Neno moja, makabila mengi

Julai 1905, watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima na serikali ya Kijerumani. Kabla ya hapo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewagawia watu dawa ya maji, akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Vita vilipoanza, wapiganaji walisonga mbele wakilia "Maji! Maji!", na vita vyenyewe vikaitwa hivyo hadi leo.

Kilio hicho kilikuwa na sifa tatu ambazo tutazikuta tena na tena. Kwanza, kilikuwa kifupi kiasi cha kutamkwa na mtu anayekimbia, pumzi zikimwishia. Pili, hakikuhitaji mkalimani: Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni wote walikielewa, ingawa baadhi yao walikuwa na uhasama wa miaka mingi. Tatu, kilimwezesha mtu kuwahesabu wenzake bila kugeuka. Aliyesikia sauti kulia na kushoto alijua hayuko peke yake, na mtu akijua hivyo huthubutu mambo ambayo peke yake asingeyagusa.

Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya wapiganaji walilivamia boma la Mahenge. Ndani ya boma kulikuwa na bunduki za rashasha, na mamia waliuawa uwanjani. Kinjikitile mwenyewe hakuwapo, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamekwisha kumnyonga mapema mwezi huo. Aliyetoa ahadi alikuwa kaburini, na waliomwitikia wakaendelea kulia "Maji!" kwa miezi mingi baadaye. Kama kinga ya risasi, neno lile lilishindwa kabisa. Kama njia ya kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya ishirini dhidi ya adui mmoja, lilifanya kazi ambayo hakuna mtawala yeyote wa eneo lile aliyewahi kuifanya. Hizo ni kazi mbili tofauti, na anayezichanganya hawezi kueleza kwa nini wanahistoria wa Tanzania wanavitazama vita vilivyopotezwa kama mwanzo wa taifa.

Ukaidi wa maandishi huko Salaita

Si kila ukaidi hupigiwa kelele. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Taita Taveta, Wajerumani waliiteka Taveta mnamo Agosti 1914, na Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi ili kubeba majeshi na maji. Tarehe 12 Februari 1916, kikosi kipya cha Waafrika Kusini weupe kilipelekwa kuuteka mlima wa Salaita. Wengi wao walikuwa wamefika wakijitapa, wakiwadharau askari weusi wa upande wa pili na vilevile wenzao Wahindi wa upande wao wenyewe, waliowaita makuli. Askari weusi wa jeshi la Wajerumani waliwarudisha nyuma mbio, na Waafrika Kusini wakapoteza watu zaidi ya 130 kwa waliouawa, waliojeruhiwa na waliotoweka. Walionusuru hali walikuwa Wabaluchi wa Kikosi cha 130, waliosimama imara na kufunika mafungo hayo.

Inasimuliwa kwamba baada ya siku ile Wabaluchi waliwarudishia Waafrika Kusini bunduki ya rashasha waliyoiacha uwanjani, ikiwa na kikaratasi cha salamu, na ombi la heshima kwamba wasiwaite tena makuli. Ombi hilo lina adabu zote, na ndiyo sababu linauma. Kilio cha vita huwatisha maadui kwa wingi wa sauti. Kikaratasi kile kilihitaji kitu kimoja tu kukipa nguvu: ile bunduki kando yake. Bila bunduki kingekuwa malalamiko ya kawaida ya wanyonge.

Mwito unapohamia ofisini

Ugumu wa kaulimbiu ya ukaidi huanza pale wakaidi wanaposhinda. Huko Tanganyika, chama cha TANU kilipigania uhuru kwa maneno "Uhuru na Umoja". Kwenye mikutano, mzungumzaji akitaja uhuru, uwanja mzima uliitikia. Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, kaulimbiu ikapata mkia mwingine: "Uhuru na Kazi". Badiliko dogo, lakini anayesema amegeuka. Kaulimbiu ya kwanza ilimwambia mkoloni kitu. Ya pili ilimwambia mwananchi.

Kenya ilipitia njia hiyo kwa neno moja tu. "Harambee" ilikuwa sauti ya wachukuzi wa pwani wanapoinua au kuvuta mzigo mzito: mmoja huanzisha, wengine huitikia, na misuli yote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Tarehe 1 Juni 1963, Kenya ilipopata madaraka ya kujitawala, Jomo Kenyatta aliifanya kuwa mwito wa taifa, na baadaye ikaandikwa kwenye nembo ya nchi. Aliipaza kila mkutano, na umati ukaitikia kwa sauti moja. Kwa Wakenya wa miaka hiyo neno hili lilikuwa na ukaidi ndani yake: serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyima shule, nao walisema watajijengea. Shule za harambee zikachipuka kila pembe ya nchi, nyingi zikijengwa kwa michango ya watu waliouza kuku na mahindi.

Basi la Mraru

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanawake wa Mraru walikuwa na tatizo lisilohusu shule. Mazao yao yaliuzwa sokoni Voi, na basi lilipofika kwao lilikuwa limejaa. Wanaume ndio waliotangulia kupanda, na mwanamke mwenye kikapu na mtoto mgongoni alibaki barabarani. Soko lilipofungwa, mboga zilikuwa zimeshanyauka.

Walijiunga kama kikundi cha wanawake wakaanza kuchanga kidogo kidogo, kutokana na mauzo yaleyale ambayo usafiri uliyatatiza. Ilichukua miaka. Mwaka 1975 walinunua basi lao, wakaliweka barabarani kama biashara, na faida ikatumika kwa mambo mengine ya kikundi, likiwemo duka. Mwaka 1980 kijitabu kuhusu basi hilo kilichapishwa New York na kusambazwa kwa vikundi vya nchi nyingine ili vijifunze.

Angalia namna mwito ulivyobadilika hapa. Harambee ya jukwaani ilikuwa na mgeni wa heshima, meza ya mbele na orodha ya wachangiaji inayosomwa kwa sauti. Ya Mraru ilikuwa na daftari la kikundi na deni wanalolijua wenyewe. Hawakuwaambia wanaume wa basi lile lolote, wala hawakuhitaji kupaza sauti. Walimjibu dereva kwa kuwa na dereva wao. Wachukuzi wa pwani wangeitambua harambee hii haraka kuliko ile ya meza ya mbele, maana hapa aliyeitikia ndiye aliyebeba mzigo, na mzigo ulipofika ulikuwa wake.

Wakati harambee za Mraru na za vikundi kama hicho zilipokuwa zikiendelea, harambee ya wakubwa ilikwenda njia nyingine. Wanasiasa walishindana kutoa vitita mbele ya kamera. Wananchi walianza kuuliza fedha hizo zinatoka wapi. Mwaka 2003, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea maafisa mipaka katika kuchangisha fedha kwa njia hiyo. Miaka 21 baadaye, vijana waliojaza barabara za miji wakiukataa Mswada wa Fedha wa 2024, walioingia bungeni tarehe 25 Juni mwaka huo, waliwakemea viongozi waliokuwa wakimwaga pesa kwenye harambee huku wakiongeza kodi. Julai, Rais William Ruto alitangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee. Neno lililowahi kubeba ukaidi dhidi ya ukoloni lilikuwa limezua ukaidi dhidi yake lenyewe.

Jinsi ya kupima mwito

Basi msomaji anaposikia kaulimbiu mpya, iwe ya mkutanoni, ya kwenye bango au ya simu yake, ana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuitikia. Anayepaza anabeba nini yeye mwenyewe? Ninaambiwa nitoe nini, na nani anashika hesabu? Na tukishinda, neno hili litabaki langu au litarudi kwangu kama amri? Maji Maji iliwaunganisha watu lakini ikawadanganya kuhusu gharama. Uhuru na Kazi ilisema ukweli kuhusu gharama lakini ikamgeuzia mwananchi kidole. Wanawake wa Mraru walipata majibu mazuri kwa maswali yote matatu, na hawakuyapata kwa kutafuta neno jipya. Walichukua neno ambalo kila Mkenya alikuwa nalo, wakaweka fedha juu yake, na wakahakikisha daftari liko mikononi mwao.