Tamthilia za Shakespeare Zilizokosa Redio

Aprili 2012, jukwaa la Globe jijini London lilisikia Kiswahili: waigizaji kutoka Kenya waliigiza tafsiri ya The Merry Wives of Windsor ya Shakespeare. Mwezi huohuo Tanzania ilimzika Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, aliyeanzia kundi la Kaole na michezo ya runinga hadi akawa nyota mkubwa wa filamu za Kiswahili. Tafsiri tulikuwa nazo, waigizaji tulikuwa nao. Hatukuwakutanisha nazo redioni.

Tulikuwa na muda wa kutosha. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi akatafsiri Makbeth na Tufani. Enzi hizo Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na watayarishaji wa kuajiriwa, na watu walikaa karibu na redio kusikiliza Pwagu na Pwaguzi. Mchezo ulirushwa kwa sababu ni mchezo.

Michezo ya namna hiyo ilififia, na lawama zote si za runinga. Mwaka 1993 redio hiyohiyo ilianza Twende na Wakati, mchezo uliofundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Ulipendwa, na ulisaidia watu wengi. Lakini kwa miaka miwili ya mwanzo mtambo wa Dodoma haukuurusha, ili watafiti wawalinganishe waliousikia na wasiousikia. Mchezo wa redio ulianza kuthaminiwa kwa ujumbe uliobeba, na fedha zikafuata ujumbe. Mradi ukiisha, wahusika wananyamaza. Nani atamlipia Shakespeare kwa utaratibu huo?

Hasara ya kuzikosa tamthilia hizo ni kubwa zaidi kwenye ukanda wa dhahabu. Nyarugusu na Lwamgasa, mkoani Geita, mchimbaji mdogo hupewa chakula, mafuta na pampu na mfadhili wa duara, yaani shimo la dhahabu, naye huahidi mgao wa mawe ambayo bado hajayaona. Antonio wa Mabepari wa Venisi naye alikopa dukati 3,000 akitegemea merikebu zilizo baharini, rehani yake ikiwa ratili ya nyama ya mwili wake. Mchimbaji hahitaji mwalimu wa kumfafanulia mkataba huo. Na katika mikoa hii, ambako vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu na watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa ahadi za waganga, Makbeth, shujaa anayeua kwa kuamini utabiri wa wachawi, ni habari ya nyumbani.

Tangu sheria ya madini irekebishwe mwaka 2017, migodi hupanga pamoja na halmashauri matumizi ya fedha za kuhudumia jamii. Zahanati na madarasa yajengwe, hayo ni ya lazima. Ila madiwani wa Geita na Kahama watenge hata fungu dogo, waigizaji wa hapahapa walipwe, na Mabepari wa Venisi irekodiwe na kurushwa jioni, wachimbaji wanapotoka duarani.