Sukari Iliyojificha kwenye Mzizi

Wajukuu zangu wa Kwakoa, sukari mnayotia kwenye chai huenda haikutoka mbali. Ng'ambo ya milima yetu, kule Arusha Chini, kuna mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC tangu miaka ya 1930. Na wazee wa Upare waliujua utamu wa muwa kabla ya kiwanda chochote. Waulizeni habari za dengelua, ile pombe ya miwa, ila msiombe kuionja.

Sasa kuna nchi ambako muwa hauoti kwa baridi. Prussia ilikuwa mojawapo, huko Ujerumani. Sukari yao ilitoka visiwa vya Karibi, ikilimwa na watumwa, na bei yake ilikuwa ya matajiri.

Mwaka 1747, mjini Berlin, mkemia Andreas Marggraf alichukua mizizi ya bitiruti nyeupe. Akaikata, akaikausha, akaisaga, kisha akaichemsha ndani ya pombe kali. Kwa nini pombe? Ikiwa ya moto huinyonya sukari, ikipoa huiachia. Akaiweka ipoe, akasubiri. Chembe zikajitokeza, akazitazama kwa hadubini: hazikutofautiana na za sukari ya muwa! Angekuwa mfanyabiashara angejenga kiwanda kesho yake. Yeye aliandika alichokiona, akageukia majaribio mengine.

Aliyeshika jembe ni mwanafunzi wake, Franz Karl Achard. Alipanda bitiruti za kila aina, akawa anatunza mbegu za zile tamu zaidi. Mfalme wa Prussia akamsaidia fedha, na mwaka 1801 akafungua kiwanda kijijini Cunern, eneo la Silesia ambalo leo ni Poland. Kazi ilikuwa ngumu, maana kilo mia za mizizi zilitoa kama kilo nne tu za sukari. Inasimuliwa kwamba wauza sukari wa Uingereza walitaka kumhonga atangaze kuwa ameshindwa. Akakataa. Mwaka 1807 kiwanda kikateketea wakati wa vita, na mwaka 1821 akafa maskini.

Huyu mzee namhurumia. Kwani Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alipozuia bidhaa za Waingereza zisiingie Ulaya, sukari iliadimika hata Paris. Mwaka 1812 Mfaransa Benjamin Delessert akafanikiwa kutengeneza ya bitiruti, na Napoleon akamtunuku nishani. Achard hakupata ya kwake. Lakini bitiruti za sukari zinazolimwa leo, kuanzia Ufaransa hadi Urusi na Marekani, ni uzao wa zile nyeupe za Silesia.